Kuosha wanajua, kukausha ndo wameniharibia gari

Naanza na mazuri msije mkasema nina roho mbaya. Kuna sehemu ya kuosha magari huku Tabata, jina sitaji, na kuosha wanajua haswa. Presha ya maji iko vizuri, povu wanapiga lile zito linakaa kwenye bodi kidogo linalainisha vumbi kabla mtu hajagusa kitu, matairi yana brashi yake, hata kwenye kingo za milango kule ndani wanafika. Mpaka hapo nyota tano na soda juu.

Balaa linaanza maji yakifungwa.

Gari yangu ni nyeusi. Na sio nyeusi ya kumetameta, ni ile nyeusi ya Toyota yenye namba ya rangi 202, wenye Crown na Mark X nyeusi wengi mnayo, kasomeni kwenye kile kibati cha maelezo ya gari. Mafundi rangi wanaijua hiyo, ni laini, ukiipangusa na kitambaa chenye mchanga inaandika. Ikitoka safi hakuna rangi inaigusa mjini hapa, ila ikikosewa inasema kila kitu. Ndo maana mi nikifika mahali naangalia vitambaa kwanza, habari za sabuni baadae.

Sasa ilikuwa jumamosi moja hivi, mwezi uliopita kama sikosei, foleni ya magari ya harusi, kila mtu ana haraka. Wamemaliza kusuuza wakaisogeza gari juani kabisa, jua la saa saba mchana la Dar mnalijua, boneti inachoma mkono na maji yanajikaukia yenyewe kabla hata dogo hajafika na kitambaa. Na maji ni ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, maji yakikauka juu ya rangi yanakuachia vile viduara vyeupe, ukivilaza hapo juani siku kadhaa vinang'ang'ania, shampuu haivitoi tena. Nikasema jamani si muisogeze pale kivulini? Kivuli kipo, chini ya turubai, ila zimepaki bodaboda na kuna mtu kalala kwenye benchi, eti atasumbuliwa. Sawa.

Akaja dogo na kitambaa. Yaani kile kitambaa. Kilikuwa fulana ya kampeni, chama sitaji, kola bado ipo na ushono wake wote, na kwa macho yangu nilikuwa nimemuona sekunde chache nyuma anapangusia ringi za Noah iliyokuwa mbele yangu. Akaikung'uta, akaikamua, yakatoka maji ya kijivu na vichanga vinadondoka kwenye zege, akaikunja vizuri kama ndo imekuwa mpya, akailaza juu ya boneti yangu na kuanza kuzungusha. Kiganja kimekandamiza na uzito wote wa mwili, mduara juu ya mduara, kama anapiga deki.

Nikakimbia kwa msimamizi, kakaa kwenye kiti cha plastiki na simu.

"Kaka, naomba kijana abadilishe kitambaa, kile kimetoka kwenye ringi."

Kichwa hakuinua. "Dada, hapa tunaosha magari miaka yote."

"Sijauliza miaka, nimeuliza kitambaa."

Ndo akaniangalia, akacheka, "Hii gari ya shemeji eeh? Mwambie shemeji aje mwenyewe tuongee kiume."

Kha! Shemeji gani? Gari nimeagiza mimi, ushuru nimelipa mimi, kadi ina jina langu, huyo shemeji anayeitwa aje hata sijamjua bado. Na waliokuwa kwenye foleni wakacheka, wababa wazima na vitambi vyao. Nimebaki natetemeka, narudi kwenye gari boneti imeisha na mlango wa kulia umeisha. Nikalipa elfu kumi nikaondoka, sikutaka kulia pale.

Usiku naingia kujaza mafuta, zile taa za sheli zinapiga juu ya boneti, nikaona. Mikwaruzo myembamba ya duara, mingi mpaka huwezi kufuata mmoja. Na milangoni michirizi imeshuka kutoka kwenye saitimira zote mbili, maana maji yanajificha mle ndani, na kwenye grili, na nyuma ya vitasa, gari ikianza kutembea yanashuka yenyewe. Hayo hayatolewi kwa kitambaa, unapuliza upepo. Na kompresa wanayo! Iko pale inajaza upepo kwenye tairi kutwa nzima, kuipeleka kwenye saitimira sekunde mbili hawawezi.

Vile viduara nilivitoa mwenyewe nyumbani kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kivulini, halafu nikasuuza vizuri. Mikwaruzo siki haina habari nayo. Fundi wa polishi kaniambia ni kazi ya mashine, laki na nusu, na akanionya kila ukipiga mashine unakula rangi kidogo, sio kitu cha kufanya kila mwezi. Laki na nusu kwa sababu ya fulana!

Nikarudi pale kudai. Msimamizi hayupo. Nikamkuta dogo mwingine, mpole, kaangalia boneti kwa tochi ya simu akasema pole dada, hii ni kitambaa, mikwaruzo siwezi kuitoa ila acha nikuoshee upya bure uone. Nikasema haya, nasimama hapa hapa.

Aisee. Kwanza gari kaiingiza kivulini, yule wa kwenye benchi kaamshwa na hakufa. Kasuuza mwisho kwa mpira mtupu bila presha, anaanzia juu ya paa, maji yanashuka yote pamoja na kuondoka, yanabaki matone machache tu. Halafu chini ya kiti chake kwenye mfuko wa nailoni katoa taulo kubwa la maikrofaiba, la kwake mwenyewe, kanunua Kariakoo. Kalitandika juu ya paa, kashika pembe mbili akalivuta kuja kwake taratibu, hakandamizi, hazungushi. Likilowa analikunja anageuza upande mkavu. Saitimira kapuliza, vitasa kapuliza. Chini ya milango na ringi akaziacha za mwisho na kitambaa kingine cha rangi tofauti ili visichanganyike. Pembe ya taulo ikagusa chini kidogo tu, akalitupa kwenye ndoo akachukua lingine. Hakuna aliyemwambia!

Nikamuuliza unayafuaje? Anasema peke yake, hayachanganyi na nguo za pamba yakaokota manyoya, na ile dawa ya kulainisha nguo haweki kabisa kwa sababu inaziba nyuzi, taulo linaacha kunywa maji linabaki kusambaza tu. Nilitaka kumkumbatia. Nikatoa simu pale pale nianze kuwaandikia nyota tano.

Msimamizi huyo kaingia. Hata salamu hakuna. "We unapoteza muda na gari moja, tatu zinasubiri." Dogo akakunja taulo lake kimya akaenda. Na nikaiona ile fulana imeanikwa kwenye waya inasubiri mteja.

Sasa mnaniuliza muende au msiende. Gari yenu ni nyeupe au silva nendeni tu, mtakwaruzwa lakini hamtaona. Nyeusi, ulizeni kwanza kama dogo mwenye mfuko wa nailoni yuko zamu, kama hayupo mwambieni waishie kwenye kusuuza, mkaushe wenyewe na taulo lenu, mtacheka na hao wababa wa kwenye foleni baadae. Mi mwenyewe huenda nikarudi maana povu lao sijaona kwingine. Au nisirudi.

Nyota mbili, zote za dogo. Nilishaandika tatu, nikakumbuka lile neno "kiume", nikafuta moja.