Uzamili wa afya ya umma kwa masafa nikiwa Kigoma: miaka mitatu, nilichopata na kilichonichosha

Nimesoma shahada ya uzamili ya afya ya umma ya chuo kimoja cha Uingereza kwa miaka mitatu bila kuhama Kigoma. Mimi ni afisa afya, mama wa watoto wawili, makazi yangu Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza kama inafaa, nami nimekuwa nikiwajibu nusunusu tukiwa tunakimbilia vikao. Leo nawajibu kwa kituo: inafaa, na inamfaa zaidi anayeendelea na kazi ya afya huku anasoma. Anayetafuta cheti peke yake atateseka bure.

Nianzie mbali kidogo. Mei 2015 nilikuwa bado mgeni kazini wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako wakati ule ulifika kwa boti tu. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache wagonjwa walizidi 3,000. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba watu kuwaleta mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kazi yangu ilikuwa ndoo na klorini. Nilijituma, lakini sikujua kwa nini leo tunapelekwa upande huu na kesho ule, wala nani anaamua na kwa kuangalia nini.

Miaka mingi baadaye, kwenye moduli ya epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoenea, tulipewa orodha ya wagonjwa na tarehe walizoanza kuugua, tukaambiwa tuchore mlipuko. Mchoro ukipanda ghafla na kushuka, shuku chanzo kimoja walichokitumia wote kwa wakati mmoja. Ukija kwa mawimbi, ugonjwa unapita kwa mtu na mtu. Mhadhiri alianza na John Snow, daktari aliyeonyesha kwamba kipindupindu kilitoka kwenye maji ya pampu ya Broad Street, London, 1854. Mimi nilikuwa nasoma habari za Broad Street huku naiona Kagunga, foleni ya ndoo ufukweni, na kina mama wakichota maji ya ziwa hatua chache kutoka walipojisaidia wengine. Usiku ule nililia, kisha nikarudi kwenye zoezi. Kama ningekuwa nimeacha kazi na kwenda kukaa bwenini mahali, sidhani kama somo lile lingenishika namna hiyo. Wiki iliyofuata nilifungua daftari letu la wagonjwa wa kuhara nikachora mchoro wa kwetu.

Hicho ndicho kitu kikubwa cha kusoma kwa masafa, na vipeperushi vya vyuo havikisemi. Vinasifu uhuru wa kupanga muda. Uhuru huo sikuuona.

Hesabu yake iko hivi. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na kila krediti inahesabiwa saa 10 za kusoma. Jumla saa 1,800. Ukizitandaza kwa miaka mitatu ni karibu saa 12 kila wiki, Idi na Krismasi zikiwemo, na wiki ambayo mtoto ana homa ikiwemo. Mwajiri wangu hakunipunguzia hata zamu moja. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri nasoma mpaka saa 12, na kwa kuwa Kigoma tuko magharibi kabisa jua huchelewa, nilikuwa nafunga laptopu nje bado giza. Mume wangu alichukua kazi ya kuwaandaa watoto shule. Bila yeye ningeacha mwaka wa kwanza, na naomba anayefikiria kujiunga akae kwanza na watu wa nyumbani kwake waelewane nani atafanya nini.

Mihadhara ya moja kwa moja ilikuwa saa 12 jioni ya kwao, yaani saa 3 usiku kwetu. Wakisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi inakuwa saa 2. Jambo hili liliniumiza. Kazi yangu ya takwimu ilitakiwa saa 6 mchana ya Uingereza, wiki ya kwanza ya Aprili. Miezi yote nilikuwa nimezoea kwamba hiyo ni saa 9 alasiri ya kwetu. Nikatuma saa 8 na nusu nikiwa na amani kabisa, kumbe mwisho ulishapita saa 8 kamili. Nilikatwa alama za uchelewaji na rufaa yangu haikusikilizwa. Niliona, na bado naona, kwamba chuo kinachochukua wanafunzi wa dunia nzima kingeweza kuandika muda wa mwisho kwa saa ya alipo mwanafunzi.

Intaneti si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, ukijipanga. Nilinunua bando la usiku nikapakua video za wiki nzima kwa mkupuo. Kinachosaidia zaidi ni maandishi ya mhadhara: uliza kabla ya kujiunga kama wanayatoa, kwa sababu kurasa 15 za maandishi hazili bando, na unaweza kuzisoma kwenye simu ukiwa kwenye daladala ya Ujiji. Mtihani wa kuangaliwa kwa kamera ndio ulinipa hofu. Umeme ulikatika katikati ya mtihani mmoja, nikaendelea kwa betri na intaneti ya simu, moyo ukinidunda. Ulizeni pia kuhusu hilo, utaratibu wao ukoje mwanafunzi akipotea hewani.

Kwenye takwimu chuo kilitupa Stata, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, lakini leseni ilikuwa ya muda wa masomo tu. Nilimsikiliza mwanafunzi mwenzangu wa Zambia nikajifunza R, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo ni ya bure na haitaki intaneti ukishaisakinisha. QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ni ya bure. Leo hii kazini natumia hizo mbili. Maktaba ya chuo nayo ilifungwa kwangu siku nilipohitimu, ila kuna mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya tiba. Uliza kama taasisi yako imesajiliwa.

Udhaifu mkubwa wa programu yenyewe ulikuwa mifano. Kodi ya vinywaji vyenye sukari, foleni za hospitali za Uingereza, uvutaji wa sigara za kielektroniki. Ni mambo ya kweli huko kwao, lakini moduli nzima ya sera za afya haikugusa zahanati yenye muuguzi mmoja. Nilimwandikia mkufunzi nikaomba kazi yangu ihusu maji kwenye mialo ya dagaa. Alikubali siku hiyohiyo, na maswali aliyonirudishia yalikuwa makali kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Ombeni, wengine watakubali. Kundi langu la majadiliano lilikuwa na watu wa Nigeria, Nepal na Zambia, na kusema kweli nilijifunza kwao karibu sawa na kwa wahadhiri. Yule dada wa Nepal alikuwa na vijiji vya milimani ambako chanjo zinabebwa mgongoni. Tulielewana kwa haraka mno.

Tasnifu ilinichelewesha. Nilitumia takwimu za kuhara kutoka vitabu vya MTUHA, yaani madaftari ya kumbukumbu ya vituo vya afya, nikidhani kwa kuwa sigusi mgonjwa njia itakuwa fupi. Nilihitaji kibali cha maadili cha chuo, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kisha ruhusa za mkoa na wilaya, na kamati ya chuo ilinirudishia fomu mara mbili ikitaka maelezo ya daftari ni nini na linahifadhiwa wapi. Miezi mitano ilipita. Anzeni vibali kabla moduli za darasani hazijaisha.

Ada sikulipa mimi, nilipata ufadhili. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wake wa uzamili kwa masafa, muutafute. Laptopu, bando na betri ya akiba vilitoka mfukoni kwangu. Na kabla ya kulipa hata senti, ulizeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu kutambuliwa kwa chuo na kwa programu yenyewe, maana shahada ya nje isiyotambuliwa haitakusaidia kwenye muundo wa utumishi.

Ramani niliyoitengeneza kwa ajili ya tasnifu, yenye vyoo na sehemu za kuchotea maji za mwalo mmoja kusini mwa mji, imebandikwa kwenye ofisi ya mwalo huo. Mwenyekiti ndiye aliyeiomba. Masika yaliyopita kulipotokea wagonjwa wawili wa kuhara maji, alinipigia simu na kuniambia: "Mama, wote wawili wanachota pale kwenye alama nyekundu." Tulipeleka klorini pale kwanza.