Prosesa au Kadi ya Grafiki: Kipi Kitangulie kwa Mpenzi wa Gemu?

Habari zenu, ndugu watazamaji, na karibuni katika uchambuzi wa leo. Tunazungumza na mtu mwenye fedha za kununua kifaa kimoja tu: gemu zake zinakwamakwama, naye hajui kama anunue prosesa mpya au kadi mpya ya grafiki. Wengi humjibu papo hapo kwamba kadi ndiyo kila kitu, na mara nyingi jibu hilo huwa sahihi, lakini halimsaidii hata kidogo yule ambaye kompyuta yake inachelewa kwa sababu ya prosesa. Kwa hiyo leo tutapima kwanza, kisha ndipo tutaje bidhaa.

Kila fremu unayoiona, yaani kila picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye skrini, huanzia kwenye prosesa. Hiyo ndiyo inayokokotoa adui yuko wapi, risasi imegonga nini na gari linageukia upande gani, kisha huandaa amri za uchoraji na kuikabidhi kadi ya grafiki, ambayo huchora maumbo, nuru, vivuli na rangi ya kila pikseli, yaani kila nukta ya picha. Ni sawa na fundi mwashi na saidia fundi wake: saruji ikichelewa, mwashi husimama hata awe hodari namna gani, na mwashi akiwa mzito, ndoo hujipanga bila wa kuzipokea.

Tuliangalie jambo hili kwa tarakimu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapaswa kukamilika kwa milisekunde 16.7 hivi, ukitaka 144, unabaki na milisekunde 6.9 tu. Chukulia kwamba prosesa yako inahitaji milisekunde 12 kuandaa fremu moja, na kadi yako inahitaji 16 kuichora. Kwa kuwa vifaa hivi hufanya kazi sambamba, kimoja kikiandaa fremu inayofuata huku kingine kikichora iliyotangulia, utapata fremu 62 hivi kwa sekunde. Sasa ukinunua kadi yenye nguvu maradufu, inayochora kwa milisekunde 8, hesabu ya kadi peke yake ingekuahidi fremu 125, lakini prosesa bado inatoa fremu moja kila milisekunde 12, kwa hiyo utaishia kwenye 83. Umelipia nguvu mara mbili na umepata nyongeza ya theluthi moja. Upotevu wa namna hii unaniuma kweli, kwa sababu ungeweza kuonekana kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Unauonaje upotevu huo mapema? Fungua gemu unayoicheza zaidi, kwa mipangilio unayoitumia kila siku, na uzime V-Sync, yaani mpangilio unaozifunga fremu kwenye kasi ya skrini, pamoja na kikomo chochote cha fremu. Nenda mahali ambapo mashine yako huteseka, halafu utazame matumizi ya kadi kwa programu kama MSI Afterburner. Kadi ikikaa karibu na asilimia 97 au zaidi, yenyewe ndiyo inayochelewesha. Ikishuka hadi 60 au 70 ilhali hakuna kikomo ulichoweka, basi kwa kawaida inasubiri prosesa. Tafadhali usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu prosesa yenye kori 8, yaani vitengo vya kukokotoa, na nyuzi 16, yaani mikondo ya kazi, inaweza kuonyesha asilimia 25 tu hali kori inayobeba mkondo mkuu wa gemu imeelemewa kabisa. Nimeona watu wengi wakiikataa prosesa mpya kwa ushahidi huo mmoja, nao si ushahidi.

Kuna jaribio la pili ambalo mimi naliamini zaidi, nalo ni kupunguza rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2; ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7; ya 3840 kwa 2160, yaani 4K, ina milioni 8.3. Pikseli hizo ni mzigo wa kadi, wakati kazi ya prosesa hubaki karibu ileile, kwani idadi ya maadui haipungui kwa sababu umepunguza pikseli. Basi ukishusha rezolusheni na fremu zikaruka juu, nunua kadi. Ukishusha na fremu zikabaki palepale, kadi mpya haitakusaidia, hata muuzaji akuambie nini.

Hata hivyo, kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu hukwama ghafla na matumizi ya kadi hushuka, na mtu huhitimisha kwamba prosesa ndiyo yenye kosa. Punguza ubora wa tekscha, yaani picha zinazofunika maumbo ya gemu, kwa hatua moja au mbili: mikwamo ikitoweka, tatizo lilikuwa kumbukumbu ya kadi. Vilevile, kabla hujanunua chochote, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya bodi mama, uhakikishe kwamba RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, inakimbia kwa kasi uliyoilipia. RAM ya kizazi cha DDR4 yenye kasi ya 3200 mara nyingi huanza kwa 2133 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili, na kipande kimoja cha RAM badala ya viwili huinyima prosesa nusu ya njia yake ya data.

Aina ya gemu ina uzito mkubwa. Anayecheza Counter-Strike 2 kwenye skrini ya hezi 240, inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde, kwa mipangilio ya chini anaitegemea prosesa karibu kwa kila kitu. Mji uliokwisha kukua katika Cities: Skylines II, sehemu ya tatu ya Baldur's Gate 3 yenye umati wa watu, na Microsoft Flight Simulator juu ya miji mikubwa ni mizigo ya prosesa pia. Kwa upande mwingine, anayetaka Cyberpunk 2077 na ufuatiliaji wote wa miale ya mwanga (ray tracing) kwenye 4K anahitaji kadi, na kadi kubwa. Lakini ndani ya gemu hiyohiyo kuna mpangilio wa wingi wa watu barabarani unaoigusa prosesa moja kwa moja, kwa hiyo hata humo usikisie.

Wapo wanaosema kwamba kwenye 4K prosesa haina maana. Kauli hiyo imepitwa na wakati tangu DLSS ya Nvidia na teknolojia za aina yake, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza, zilipoenea. Ukichagua DLSS ya kiwango cha ubora kwenye 4K, kadi huchora picha ya 2560 kwa 1440 kisha huikuza. Ukichagua kiwango cha utendaji, huchora 1920 kwa 1080. Kadi imepunguziwa kazi, na prosesa inarudi kuwa kikwazo. Uzalishaji wa fremu za ziada, zinazobuniwa na kadi yenyewe, nao hujaza skrini hata prosesa ikiwa imechoka, ila wepesi wa kuitikia kipanya bado unafuata fremu halisi, na kwa sababu hiyo siuhesabu kuwa mbadala wa prosesa.

Sasa tuje kwenye bidhaa. Mwenye bodi mama ya AM4, soketi ya prosesa za AMD, na prosesa ya Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019 yumo katika nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 huingia kwenye soketi ileile na ina kache ya L3 ya megabaiti 96, dhidi ya 32 za prosesa yake ya zamani. Kache hiyo huweka data ya gemu karibu na kori, ili zisisubiri RAM kila mara, na faida yake huonekana hasa nyakati idadi ya fremu inaposhuka chini kabisa, zile zinazoleta mikwamo. Akiikosa, 5700X3D ya mwaka 2024 ina kache ya ukubwa uleule kwa kasi ndogo kidogo. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa maboresho bora kabisa ambayo mtu anaweza kufanya bila kubadilisha bodi mama. Mwenye prosesa ya Intel Core i5-7600K ya mwaka 2017, yenye kori 4 na nyuzi 4, hana njia hiyo; prosesa mpya kwake ina maana ya bodi mama mpya, na akihamia AM5, soketi ya AMD iliyofuata, ni lazima anunue RAM ya DDR5 pia. Bei ya prosesa katika hali hiyo ni bei ya vitu vitatu, na inapaswa kulinganishwa na kadi kwa hesabu hiyo.

Kwa upande wa kadi, RTX 4060 hutumia wati 115 tu na huokoa fedha za kununua kigavi kipya cha umeme (PSU), lakini ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na njia 8 tu za PCIe, muunganisho wa kadi na bodi mama, kwa hiyo kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 huumia zaidi kumbukumbu yake inapojaa. Intel Arc B580 ya mwisho wa 2024 ina gigabaiti 12 na inavutia sana, ila draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, huitwisha prosesa mzigo mkubwa. Ikiwekwa na prosesa ya zamani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ikiwa prosesa yako ni ya kizazi cha Ryzen 5 3600, nakushauri uiache.

Na kwa atakayechagua prosesa mpya kwenye bodi ya zamani, sasisha BIOS wakati prosesa ya sasa bado iko mahali pake. Bodi nyingi za AM4 za miaka ya mwanzo haziwezi kuitambua 5800X3D mpaka zipate toleo jipya, na ukishaitoa prosesa ya zamani mara nyingi utalazimika kuirudisha ili uweze kusasisha.