Daraja la Benki, Saint Petersburg: Nililipenda, Lakini Sitasahau Nilivyozuiwa Kulivuka

Nilikusudia kuliandikia sifa tupu Daraja la Benki, lile dogo la waenda kwa miguu linalovuka Mfereji wa Griboyedov, lakini kwa niliyoyaona pale kiangazi kilichopita, siwezi kumshauri mtu yeyote kwenda.

Mpiga picha mmoja wa kulipwa alikuwa amesimika kamera yake katikati ya njia ambayo watu wawili hupishana kwa kubanana. Mteja wake alikuwa amepanda kwenye kitako cha sanamu, kisigino cha kiatu kikikanyaga kucha za grifini, yule simba wa hekaya mwenye mabawa, huku mkono mmoja umeshikilia bawa lenyewe lililopakwa dhahabu. Bibi mmoja mwenye mfuko wa viazi aliomba njia kwa upole, akaambiwa azungukie daraja jingine. Nilipomtetea kwa Kirusi changu cha kuunga-unga, bwana yule alinipungia mkono kama anayefukuza kuku, akaendelea na kazi yake.

Nilighadhibika, na hata sasa hasira haijaisha. Daraja hili lilijengwa mwaka 1826 ili watu wapite, na bado linapitwa na wenyeji wanaotoka sokoni na wanafunzi wa chuo kikuu cha uchumi kilicho katika jengo la benki ya zamani. Wala wale grifini wanne wa mchongaji Pavel Sokolov hawakuwekwa kwa urembo peke yake: katika usanifu wa mhandisi Wilhelm von Traitteur, minyororo ya daraja hutoka midomoni mwao, na miili yao ya chuma, yenye uwazi ndani, huficha mahali minyororo hiyo ilipofungwa. Mwaka 2017 waliondolewa kwenda kukarabatiwa. Je, ni ili wageuzwe tandiko la wapiga picha?

Hata hivyo, nilirudi alfajiri moja, kabla mashua za watalii hazijaanza kupita, nikasimama karibu kabisa na mdomo wa mmoja wao, nikaona jinsi chuma kizito kinavyochomoza kati ya meno bila kuonekana kimebandikwa. Kazi ile ilinifumba mdomo. Kwa hiyo ninaondoa kauli yangu: nendeni, tena msikose, ila iwe alfajiri. Mchana wa Juni bado nasema msiende, mpaka wenye mamlaka ya jiji watakapowalazimisha hao wanaotoza fedha kwa picha kuwaachia wapita njia daraja lao.