Pampu, injekta, sensa za AdBlue kwenye lori: ipi ununue na ipi uiache dukani

Taa ya AdBlue (ile maji ya yurea inayopulizwa kwenye egzosi kusafisha moshi wa dizeli) ikiwaka tu na lori likaanza kukata nguvu, watu wanakimbilia pampu, na pampu ndo moja ya vitu ghali kwenye mfumo mzima ukiacha katalisti yenyewe, lile boksi la egzosi moshi unaposafishwa. Tulia kwanza. Fundi aunganishe mashine asome kodi za hitilafu, apime presha (mfumo wa Bosch Denoxtronic 2 kwa mfano ni kama bar 9), afu aangalie filta, maana filta ikiziba pampu inahangaika na inaonekana imekufa kumbe mzima. Na hiyo AdBlue yenyewe ipimwe kwa refraktometa (kidude cha kupimia ukali wa mchanganyiko), yurea iwe 32.5%, iliyobaki ni maji yaliyotolewa madini. Kama kuna mtu alimimina dizeli kwenye tenki la AdBlue hapo usinunue kipande kimoja kimoja utalia, dizeli inavimbisha mipira na oringi (vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja) kuanzia tenki mpaka injekta inayonyunyizia AdBlue kwenye egzosi.

Haya, ukishajua kweli kipande kimekufa, mimi hela yangu ningeitoa hivi.

Namba moja ni spea mpya ya aliyeitengeneza, kwenye boksi lake mwenyewe. Wenye malori wengi hawajui kwamba kampuni ya lori mara nyingi haitengenezi hivi vitu, pampu na injekta nyingi ni za Bosch, sensa nyingi za NOx (zinazopima gesi chafu ya oksidi za nitrojeni kwenye moshi) zilitoka Continental, kampuni ya lori inagonga nembo yake tu na bei inapanda. Soma namba iliyo kwenye mwili wa kile kipande cha zamani, sio ya kwenye boksi, uitafute hiyo hiyo.

Ya pili, hasa kwa pampu, ni ile iliyofufuliwa kiwandani: wanabadilisha daiframu (utando wa ndani unaosukuma) na oringi, wanaipima presha, wewe unarudisha ile mbovu bei inapungua. Dai karatasi ya vipimo na waranti, akianza kuzungukazunguka ujue imeoshwa tu ikapulizwa rangi. Ila sensa ya NOx iliyofufuliwa siinunui hata kwa bahati mbaya, ule udongo wa seramiki wa ndani ukishachoka umechoka.

Ya tatu ndo boksi la kampuni ya lori. Sio kwamba ni mbaya, ni bei tu. Kuna moduli lazima ziingizwe programu zitambuliwe na kompyuta ya gari, na kama lori bado lina waranti usilete ujanja, nenda huko huko.

Kampuni nyingine zinazoiga naziweka ya nne. Filta, mfuniko wa tenki, gasketi ya injekta, mipira, chukua tu usiogope. Injekta kidogo nasita, maana ikinyunyiza matone makubwa badala ya ukungu, yurea haigeuki amonia vizuri inaganda kwenye egzosi kama chokaa, miezi michache unafungua bomba unakuta jiwe.

Mtumba: tenki la plastiki sawa, mabano ya kushikilia tenki sawa, pampu hapana. Imekaa nje imekauka na chumvi ya yurea ndani, unanunua tatizo la mwenzio.

Mwisho kabisa ni sensa za NOx za bei ya chee zisizo na jina. Niliingia huo mkenge mwenyewe, ilifungwa taa ikazima tukashangilia, wiki ya pili kodi ile ile ikarudi na muuzaji simu hapokei. Afu hiyo sensa na kile kikompyuta chake kidogo vimepimwa pamoja kiwandani, kwa hiyo akija fundi wa kukata waya aunge kipya kwenye cha zamani mfukuze.

Kile kidude cha kudanganya kompyuta ione AdBlue inapulizwa wakati haipulizwi sikiweki hata kwenye orodha, Marekani na Ulaya ni kosa kisheria, na ukikiacha muda mrefu mfumo unakauka unaziba, siku ukitaka kuurudisha unanunua karibu kila kitu.

Kabla hujalipa, volti! Kuna za 12 na kuna za 24, kwa macho zinafanana. Sensa ya NOx ya mbele na ya nyuma nazo zinafanana ila hazibadilishani, namba zake kwenye mtandao wa kompyuta za gari ni tofauti. Injekta ikifunguliwa nunua gasketi mpya hapo hapo, ile ya zamani ikirudishwa inavuja, chumvi nyeupe itakuonyesha yenyewe baada ya siku chache (maji ya uvuguvugu yanaitoa, usikwangue na bisibisi).

Na ukizima injini usikate swichi kuu ya betri papo hapo, subiri dakika kama mbili pampu irudishe AdBlue tenkini, ikibaki kwenye injekta inakauka pale kwenye joto, na baridi ikifika nyuzi -11 inaganda. Kile kipande cha zamani usikirudishe dukani mpaka lori limetembea na mzigo, maana AdBlue haipulizwi mpaka egzosi ipate moto wa kama nyuzi 200, ukijaribu gereji injini imeunguruma tu bila mzigo hujajaribu kitu.