Uzoefu wangu: kupinga deni nisilolijua kwenye ripoti ya mikopo (nyota 3 kati ya 5)

Niligundua siku niliponyimwa mkopo. Afisa mikopo alinigeuzia skrini, akanionyesha mstari mmoja kwenye ripoti yangu ya mikopo: mkopo chechefu, malipo yamechelewa zaidi ya siku 180, na jina la mkopeshaji ambaye sijawahi hata kusikia habari zake. Akaniuliza kwa upole kama labda nimesahau. Mtu husahau mwavuli, jamani.

Shemeji yangu alisema lipa yaishe, kiasi chenyewe kidogo. Nashukuru sikumsikiliza. Ukilipa deni lisilo lako, hata sehemu yake tu, mara nyingi unahesabiwa umelikubali, na katika baadhi ya nchi muda wa kudaiwa mahakamani huanza kuhesabiwa upya. Tena mstari wenyewe haufutiki kwa kulipa. Unabadilika tu kuwa “limelipwa”, na historia ya kuchelewa inabaki pale kwa miaka.

Basi nikaingia kwenye tovuti ya kampuni ya taarifa za mikopo iliyotoa ile ripoti, yaani ile inayokusanya rekodi za wakopaji kutoka kwa wakopeshaji. Kwa urahisi, siwalaumu: fomu inajazwa kwa dakika kumi, unapakia kitambulisho, unachagua sababu kwenye orodha (nilichagua “si deni langu”), na namba ya kumbukumbu inakuja papo hapo. Kisanduku cha maelezo ndicho kilichonikera. Nafasi yake haitoshi hata salamu.

Siku ya 19 likaja jibu. Sentensi mbili: mkopeshaji amethibitisha taarifa, hakuna mabadiliko yatakayofanyika. Amethibitisha kwa kuangalia nini? Hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa huduma hii inavyofanya kazi, na natamani ningejua mapema. Kampuni ya taarifa za mikopo kwa kawaida haichunguzi deni. Inamuuliza mkopeshaji, mkopeshaji anatazama kompyuta yake, anaona jina linafanana na lile alilopeleka yeye mwenyewe, anajibu ndiyo. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1970 inatoa kwa kawaida siku 30 za kushughulikia pingamizi, malalamiko mengi husafiri kwa mkopeshaji yakiwa yamefupishwa kuwa msimbo wa tarakimu chache. Ukisema tu “si langu”, umempa swali ambalo jibu lake analo tayari.

Safari ya pili sikugusa fomu. Nilichapa ripoti nzima nikaipitia kwa kalamu, hata zile kurasa za mwanzo ambazo kila mtu anaziruka kwa sababu anadhani anajijua. Kwenye anwani kulikuwa na mtaa ambao sijawahi kuishi. Chini yake, tarehe mbili za kuzaliwa: 03/09, ambayo ni yangu, na 09/03. Mwaka uleule. Tukawa watu wawili ndani ya faili moja, mimi na mwenzangu tunayeshirikiana majina mawili ya mwanzo. La tatu tunatofautiana, lakini inaelekea mfumo haukufika huko.

Nikamwandikia mkopeshaji moja kwa moja, nakala kwa kampuni ya taarifa. Niliomba mkataba wenye sahihi, nakala ya kitambulisho kilichotumika, na tarehe na akaunti ambayo fedha ziliingizwa. Tarehe zile mbili nilizizungushia duara, nikaambatisha kitambulisho changu. Kila mahali niliandika “deni linalodaiwa kuwa langu”, kamwe si “deni langu”. Inaonekana ni ubishi wa maneno, lakini barua hiyo inaweza kusomwa na wakili wao.

Siku ya 11 nikapigiwa simu, sauti ya heshima sana, nikaelezwa suala limekwisha. Nikaomba liandikwe. Kimya kidogo, halafu barua pepe ikaja siku hiyohiyo: taarifa za wateja wawili ziliunganishwa kimakosa, zitaondolewa. Mkataba sikuonyeshwa, na ni sawa, ni siri ya mwenzangu. Kama ingekuwa mtu ametumia kitambulisho changu, ningehitaji pia taarifa ya polisi, na nadhani safari ingekuwa ndefu zaidi.

Katikati ya haya yote alinitumia ujumbe mtu anayejiita msafisha ripoti, nimlipe afute kila kitu. Hana kitufe ambacho mimi sina. Deni la kweli hawezi kulifuta, na la uongo unalipinga mwenyewe bure.

Kwa nini nyota tatu? Moja ya fomu, moja ya kutolipisha, moja ya kunijibu ndani ya muda walioahidi. Mbili nimewanyima kwa lile jibu la kwanza, kwa sababu tarehe mbili za kuzaliwa zilikuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yao wenyewe, na hakuna aliyezitazama.

Baada ya mwezi nilichukua ripoti mpya. Mstari wa deni umetoka, tarehe ngeni imetoka. Ule mtaa nisioujua bado upo, eti anwani hupingwa kwa ombi la peke yake. Nimejaza fomu tena. Namba ya kumbukumbu ninayo.