Foldscope: hadubini ya karatasi na mtoto anayetafuta majibu mwenyewe

Foldscope ni hadubini ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walipoieleza kitaalamu mwaka 2014 walisema vipuri vyake havifiki dola 1. Bei ya kununua ni zaidi ya hapo, na ukiagiza moja peke yake, gharama ya kuisafirisha huweza kuzidi bei ya chombo chenyewe. Heri wazazi au walimu wachangishane waagize pakiti ya darasa. Inakuza mara 140 na kutenganisha vitu vyenye ukubwa wa maikroni 2 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na kwa kitu cha karatasi huo si mchezo.

Kukunja ni kazi ya kama nusu saa kwa mtoto wa miaka 9 au 10, na afadhali aikunje yeye. Akijua kila kipande kinafanya nini, hatakuletea kila inapogoma. Nayo itagoma. Mara nyingi slaidi, yaani kipande kinachobeba sampuli, huwa imegeuzwa: upande wenye sampuli lazima utazame lenzi, kwa sababu kipunje hicho cha kioo huona kitu kilicho karibu nacho mno. Wengine huishika mbali na uso kama simu, ilhali inatakiwa isogezwe mpaka kope ziiguse. Ielekezwe dirishani au kwenye anga nyeupe, kamwe isielekezwe kwenye jua. Baada ya hapo vidole gumba husogeza lenzi kidogo kidogo. Mwenye pupa huipita taswira bila kuiona, akasema "hamna kitu", na hapo ndipo watoto wengi huiweka chini moja kwa moja. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza kaa naye.

Baada ya hizo, punguza maneno. George Loewenstein, mtafiti wa tabia za binadamu, aliandika mwaka 1994 kwamba udadisi huamka mtu anapoona pengo kati ya anachojua na anachotaka kujua. Asiyejua lolote halioni pengo hilo, na aliyeambiwa kila kitu hana pengo lililobaki. Ndiyo maana mtoto aliyepewa slaidi tu hutazama, akashangaa, akaondoka. Mwambie kwanza achore anavyodhani chumvi ya mezani itaonekana, kisha aitazame. Akikuta vijisanduku vyenye pembe badala ya vumbi aliyoichora, maswali yataanza yenyewe.

Jaribio linalofanya kazi vizuri kuliko yote ni la chavua. Gusa unga wa njano wa ua la haibiskasi kwa kipande cha seloteipu safi, kibandike juu ya tundu la slaidi ya karatasi, na chukua kidogo sana, maana ikirundikana utaona giza tupu. Slaidi ya pili iwe ya chavua kutoka kwenye mbelewele za mahindi. Ya haibiskasi ni matufe yenye miiba pande zote. Ya mahindi ni mviringo, laini, haina mwiba hata mmoja. Mtoto atauliza kwa nini. Usijibu. Muulize ni nani anayelitembelea ua la haibiskasi, na ni nani anayezitembelea mbelewele. Atatoka nje kutazama nyuki na ndege aitwaye chozi, na akirudi na neno "upepo" atakuwa amelipata mwenyewe. Akitaka kitabu baada ya hapo, atajua anatafuta nini ndani yake.

Usiweke zawadi wala alama juu ya kazi hii. Wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti, baadaye walichora kwa hiari muda mfupi kuliko wasioahidiwa.

Kwenye maji ya bwawa au ya sahani ya chungu cha maua, vile viduara vyenye ukingo mweusi mzito ni mapovu ya hewa. Watoto huviita mayai au seli. Punguza maji, kisha shusha kifuniko cha slaidi kwa mshazari. Vijidudu halisi mara nyingi vinatembea vyenyewe.

Chombo hiki hakifai kupimia malaria nyumbani. Kimelea kichanga ndani ya seli ya damu ni kidogo mno kwa lenzi hii, na kumchoma mtoto kidole kwa ajili ya mchezo ni kosa.

Sumaku zake huinasa kwenye kamera ya simu, wote wakaona pamoja. Ikiwa simu ina kamera kadhaa, ziba moja moja kwa kidole ujue ipi inatumika. Ila simu ije mwishoni: ikitangulia, watoto hupiga picha badala ya kutazama.

Lenzi ifutwe kwa pamba laini, kwani mchanga huikwaruza. Hadubini moja inatosha watoto wawili. Wakizidi hapo, zamu huchelewa na ugomvi huanza.