Vihisi vya Kudumu au Sampuli za Mkono: Kupima Maji ya Ziwa Alexandrina na Coorong

Katika ukame mrefu ulioikumba Australia ya kusini-mashariki hadi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Mto Murray ulipungua kiasi kwamba Ziwa Alexandrina, ambalo hutengwa na bahari kwa kuta zilizokamilika mwaka 1940, lilishuka chini ya usawa wa bahari.

Vihisi vilivyofungwa majini hurekodi kina, joto na chumvi usiku na mchana, hata upepo unaposukuma maji kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, badiliko ambalo mpimaji anayefika mara moja kwa mwezi hawezi kuliona. Hata hivyo, ufuo ukirudi nyuma, kifaa hubaki juu ya tope kavu.

Sampuli za mkono ni za polepole na zinahitaji watu wengi, lakini kwa maoni yangu ndizo zilizokuwa na uzito zaidi hapa. Tope lililoachwa wazi lilikuwa na salfaidi, yaani madini yenye salfa, ambayo ikikutana na hewa huzaa asidi ya salfuriki. Ili kujua metali zilizoyeyuka na uwezo wa maji kuihimili asidi hiyo, ilibidi maji yapelekwe maabara, na mwaka 2009 chokaa ilimwagwa katika kijito cha Currency Creek, kinachoingia ziwani, ili kupunguza asidi. Isitoshe, hakuna kihisi kinachohesabu mbegu za Ruppia tuberosa, mmea ambao ndege wa majini huutegemea kwa chakula, na uliokaribia kutoweka kusini mwa Coorong, ukanda mrefu mwembamba wa maji ya chumvi kando ya bahari karibu na ziwa hilo, ambako chumvi ilizidi ile ya bahari mara kadhaa.